Methani angani: je, inafagilika?

Tangu tulipogusia wazo la kuiondoa methani, gesi inayopasha dunia joto, ambayo tayari imeshasambaa hewani, barua hazijakoma. Nyingine zina hasira, nyingine matumaini yaliyopitiliza. Nimechagua saba, na maswali yaliyofanana nimeyaunganisha.

Miaka yote mmetuimbia kaboni dioksidi. Leo methani imetoka wapi?

Ilikuwepo siku zote. Alessandro Volta aliikusanya mwaka 1776 kutoka kwenye matope ya Ziwa Maggiore. Kilichobadilika ni wingi wake: kabla ya enzi ya viwanda, katika kila molekuli bilioni moja za hewa, methani zilikuwa 700 na kitu, leo zimepita 1,900. Ukilinganisha na kaboni dioksidi bado ni chache mno, lakini ni kali. Katika kipindi cha miaka 20, tani moja ya methani hupasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko tani ya kaboni dioksidi. Ripoti ya jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, IPCC, ya mwaka 2021, inaihesabia methani takriban nusu nyuzi ya ongezeko la joto tulilokwisha kulipata.

Nasikia hukaa miaka kumi hivi kisha huisha yenyewe. Basi si tuvumilie tu?

Huisha, naam, lakini nyingine huwa imeshaingia. Kila mwaka zinapanda angani karibu tani milioni 600, na zinazoharibiwa ni pungufu kidogo ya hizo. Hilo pengo dogo ndilo linalotuumiza. Ukisubiri huku bomba liko wazi, pipa halitapungua.

Halafu hiyo "kuisha yenyewe" ina mfanyakazi wake. Kazi kubwa, karibu asilimia 90, hufanywa na hidroksili, chembe yenye oksijeni moja na hidrojeni moja, ambayo haiishi hata sekunde kadhaa kabla ya kuvamia kitu kingine. Mwaka 2020, magari na ndege ziliposimama kwa sababu ya korona, wengi tulitarajia hewa ipate nafuu. Methani ikapanda kwa kasi ambayo vipimo havikuwa vimewahi kuionyesha. Ardhi oevu za tropiki zilichangia, lakini sababu nyingine ilitushangaza: oksidi za naitrojeni kutoka kwenye injini husaidia kuzaa hidroksili, kwa hiyo moshi ulipopungua na mfagiaji naye akapungua. Ukitaka kujua kwa nini nasitasita kuchezea kemia ya anga, anzia hapo.

Ikishanaswa, itazikwa wapi? Kaboni dioksidi wanaifukia ardhini.

Hii haizikwi, inageuzwa. Molekuli moja ya methani ikikutana na oksijeni hutoa molekuli moja ya kaboni dioksidi na mbili za maji. Najua unachotaka kusema: tumekimbia simba tukapanda mti wenye chui! Sivyo. Tani moja ya methani huzaa tani 2.75 za kaboni dioksidi, na hizo ni kidogo sana mbele ya ile nguvu ya mara 80. Tena mabadiliko hayo yangetokea tu baada ya mwongo mmoja hivi. Sisi tungekuwa tumeyaharakisha. Mwaka 2019 Rob Jackson wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walipiga hesabu ya kuirudisha methani kwenye kiwango cha kabla ya viwanda. Walipata kwamba zingegeuzwa tani bilioni 3.2, na kaboni dioksidi ambayo ingezaliwa ni sawa na ile tunayoitoa sasa kwa miezi michache tu. Hesabu hiyo ndiyo iliyowafanya watu wengi walichukulie wazo hili kwa uzito.

Mimi ni mwalimu wa kemia. Methani huwaka. Kwa nini wasiichome?

Mwalimu, unajua jibu, unanipima tu. Ili methani ishike moto hewani lazima ifike karibu asilimia 5. Hewa tunayovuta haina hata asilimia 0.0002. Nimekaa na kikokotoo: mita moja ya ujazo ya hewa ina takriban miligramu 1.2 za methani. Kupata tani moja utapaswa kupitisha kwenye mtambo wako zaidi ya mita za ujazo milioni 800, tena kwa sharti kwamba hakuna hata chembe inayokuponyoka. Feni za kusukuma hewa hiyo zinakula umeme, na kama umeme unatokana na makaa ya mawe, unaweza kumaliza siku umeiongezea dunia joto badala ya kuipunguzia.

Ndiyo maana watafiti wanahangaika na vichocheo, yaani vitu vinavyoharakisha mabadiliko ya kikemia bila vyenyewe kuisha. Desirée Plata na kundi lake wa taasisi ya MIT ya Marekani wanatumia zeolaiti, madini yenye vitundu kama sega la nyuki, wakayatia shaba. Ni bei nafuu na methani huungua hata ikiwa hafifu. Kasoro yake ni kwamba yanafanya kazi vizuri yakipashwa joto la nyuzi 300 hivi, na kupasha hewa yote hiyo ili kupata miligramu moja ni kama kuchemsha ziwa ili kuivisha yai.

Lakini isogeze mashine hiyo hiyo hadi kwenye mlango wa kutolea hewa wa mgodi wa makaa ya mawe. Pale methani huwa chini ya asilimia 1, haiwaki yenyewe, ila ni nyingi mara mamia au maelfu kuliko ya nje. Mitambo ya kuiunguza pale ipo na inafanya kazi. Ningekuwa na fedha za kuweka mahali, ningeziweka hapo kwanza.

Kuna mpango wa kunyunyiza chuma juu ya bahari ili kuua methani. Ni kweli, na ni salama?

Wazo lipo. Vumbi la Sahara lina chuma, na linapopeperushwa juu ya Atlantiki huchanganyika na chumvi ya bahari. Jua likipiga, klorini hutoka na kuishambulia methani. Mwaka 2023 watafiti Maarten van Herpen, Matthew Johnson na wenzao walichapisha ushahidi wa mchakato huo. Kuna wanaotaka kuuiga kwa makusudi.

Salama? Klorini hula ozoni pia, na ozoni ndiyo mama wa hidroksili. Ukitia klorini kidogo, unamdhoofisha mfagiaji mkuu kuliko unavyomsaidia, na methani inaongezeka. Modeli, yaani hesabu za kompyuta zinazoiga anga, zilizochapishwa mwaka huo huo wa 2023 zinaonyesha hatari hiyo waziwazi: nafuu huanza tu ukimwaga klorini kwa wingi wa kutisha. Dawa ambayo dozi ndogo inaongeza ugonjwa mimi siigusi, na maabara isiyo na kuta sipendi ianze kazi kabla ya maswali hayo kujibiwa.

Na miti je?

Ina habari njema kidogo. Mwaka 2024 mtafiti Vincent Gauci na wenzake walionyesha kwamba vijiumbe kwenye magome ya miti ya nchi kavu hunyonya methani, kwa makadirio yao tani milioni 25 hadi 50 kwa mwaka. Sababu nyingine ya kutokata misitu, basi.

Hiki si kisingizio cha kampuni za mafuta kuendelea kuvujisha?

Kinaweza kugeuzwa hivyo, na nina wasiwasi kama wako. Kwenye mkutano wa tabianchi mjini Glasgow, Uskoti, mwaka 2021 zilianza kutiwa saini ahadi za kupunguza methani itokanayo na binadamu kwa asilimia 30 ifikapo 2030. Nchi zaidi ya 150 zimejiunga. Kubana bomba linalovuja kunahitaji spana, hakuhitaji zeolaiti. (Mhariri amenikataza methali ya ufa na ukuta, kwa hiyo sitaitaja.)

Lakini si kila chanzo kina bomba. Takriban asilimia 40 ya methani hutoka kwenye vyanzo vya asili, hasa ardhi oevu, na dunia ikizidi kupata joto nazo zitatoa zaidi. Vivyo hivyo ardhi iliyoganda ya kaskazini inapoyeyuka. Huko hakuna koki ya kufunga. Kwa hofu hiyo Akademia za Kitaifa za Sayansi za Marekani zilitoa ripoti Oktoba 2024 kuhusu njia tano za kuiondoa. Hazikuona hata moja iliyo tayari; zikashauri utafiti wa miaka mitatu hadi mitano kwanza, kisha ndipo iamuliwe kama kuna la kuendeleza.

Wakati huo huo, akikujia mtu anayeuza vyeti vya tani za methani alizoondoa angani, mwulize alizipimaje. Mwenye mtambo anaweza kukuonyesha kilichoingia na kilichotoka. Aliyenyunyiza baharini atakuonyesha modeli tu, kwa sababu hewa aliyoigusa imeshachanganyika na tani bilioni 5 za methani zilizoko duniani kote.