Boriti ya mbao imeandikwa "R60" kwenye modeli: inatosha?

Swali: Nachora jengo la mbao la ghorofa nne kwa modeli ya kidijitali. Boriti ni za mbao za tabaka zilizogundishwa, upana milimita 200 na kimo 400. Kwenye sifa zake nimejaza "R60", yaani zihimili moto dakika 60, na programu imekubali. Nimpelekee mhandisi wa moto hivyo hivyo?

Jibu: Subiri kwanza. Kwa programu, R60 ni maandishi tu. Ungejaza R600 ingenyamaza vilevile.

Shika kalamu. Eurocode 5, kanuni ya Ulaya ya miundo ya mbao, toleo la 2004, huhesabu kwamba mbao laini za aina hiyo huliwa na moto milimita 0.7 kwa dakika. Kwa dakika 60 ni 42. Ongeza 7 za tabaka lililo nyuma ya mkaa: kwa macho bado ni mbao, ila joto limeshalimaliza nguvu. Jumla 49 kwa kila upande unaoungua. Boriti iliyobeba sakafu huungua pande tatu, kwa hiyo unabaki na upana wa 102 na kimo cha 351. Kiini hicho ndicho cha kupimwa kama kitabeba mzigo. Usikate tamaa mapema, maana mzigo wa wakati wa moto huhesabiwa mdogo kuliko wa siku zote.

Boriti yenyewe hainipi shida sana. Mkaa wake ni ngao. Naogopa maungio. Vuta picha karibu, pale boriti inapokutana na nguzo. Kichwa cha bolti kiko nje? Chuma hicho kitaingiza joto hadi katikati ya mbao, na maungio ya bolti yaliyo wazi, kanuni hiyo hiyo huyapa dakika 15 tu. Kizamishe kichwa na ukizibe kwa kizibo cha mbao kilichogundishwa, au funika kiungo kwa bodi za jasi. Unene wake hesabuni pamoja na mhandisi.

Matundu ya mabomba na nyaya yanayotoboa boriti nayo hupunguza mbao, na mara nyingi yamo kwenye faili ya fundi mwingine, kwa hiyo unganisha faili zote kabla ya kutuma.

Kando ya R60 andika pande zinazoungua, vipimo vilivyotumika na tarehe ya hesabu. Mtu akija kupunguza upana hadi 180, kiini kitashuka hadi 82, na ile R60 itabaki pale pale.