Sindano za kukomaza mapafu zinafanya nini kwenye moyo na figo za njiti?

SWALI: Daktari, mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto wachanga. Tuna njiti aliyezaliwa wiki ya 28 akiwa na gramu 1,050. Mama yake alichomwa deksamethasoni, ile steroidi ya kukomaza mapafu ya mtoto, dozi zote nne kabla ya kujifungua. Siku ya pili kreatinini ya mtoto, ile taka ya damu ambayo figo hutakiwa kuitoa, ilikuja miligramu 1.2 kwa desilita, na mwenzangu mmoja akasema steroidi za mama ndizo zimeunguza figo. Mama alisikia, na tangu hapo analia tu. Ni kweli dawa hizi zinaharibu figo? Na moyo je?

JIBU: Anza na huyo mama, mwenzangu, kabla hujamaliza kusoma jibu hili. Mwambie hakumdhuru mwanawe. Kreatinini ya siku ya pili kwa sehemu kubwa ni ya mama mwenyewe, imepita kwenye kondo la nyuma na mtoto bado hajaimaliza kuitoa. Tena mirija ya figo za njiti haijakaza, kwa hiyo kreatinini iliyokwisha kuchujwa inapenya tena kurudi kwenye damu. Ndiyo maana kipimo hupanda siku mbili tatu za mwanzo, halafu hushuka taratibu kwa wiki kadhaa. Kwa mtoto wa wiki 28, 1.2 siku ya pili hainikoseshi usingizi. Ikiwa bado inapanda siku ya tano, hapo nitakaa macho.

Mpaka siku hiyo, nepi ina habari nyingi kuliko karatasi ya maabara. Ipime kavu, ipime tena ikilowa. Gramu moja uihesabu mililita moja. Tuseme kavu ni gramu 18, baada ya saa sita ni 31. Hizo ni mililita 13, sawa na kama mililita 2 kwa kilo kwa saa. Figo hiyo inafanya kazi. Wasiwasi unaanza mkojo ukishuka chini ya mililita 1 kwa kilo kwa saa baada ya siku ya kwanza kupita.

Sasa steroidi zenyewe. Tulizoea kuziita sindano za mapafu kwa sababu ndiko zilikoonekana kwanza: Liggins na Howie wa Auckland, New Zealand, walichapisha mwaka 1972 kwamba watoto wa mama waliopewa betamethasoni, steroidi ndugu ya deksamethasoni, walipata shida ya kupumua kwa uchache zaidi. Lakini dawa haichagui kiungo. Deksamethasoni na betamethasoni huvuka kondo la nyuma zikiwa bado na nguvu, tofauti na prednisoloni, steroidi nyingine, ambayo vimeng'enya vya kondo huipunguza makali kabla haijamfikia mtoto. Zikishavuka, zinaharakisha ukomavu wa karibu kila kitu.

Kwenye figo, zinaamsha pampu za sodiamu ndani ya mirija, mtoto akaacha kumwaga chumvi ovyo na potasiamu yake ikatulia zaidi. Zinakomaza na ngozi pia, jambo ambalo wengi hulisahau. Njiti mdogo hupoteza maji mengi kupitia ngozi, sodiamu ya damu ikapanda, nasi tukakimbilia kuongeza dripu. Aliyepata steroidi tumboni hupoteza maji kidogo zaidi, na ule mkojo mwingi wa siku za mwanzo huanza mapema.

Kwenye moyo, misuli inaitikia vizuri zaidi adrenalini ya mtoto mwenyewe, na mishipa inabana inavyotakiwa. Matokeo yake presha inasimama vizuri na mahitaji ya dopamini, dawa ya kupandisha presha, yanapungua. Kama mnatumia ile kanuni ya wodini, kwamba wastani wa presha usiwe chini ya idadi ya wiki za mimba, huyo wenu anatakiwa kuwa na 28 kwenda juu. Angalia chati yake.

Wapo wanaohofu kwamba steroidi hunenepesha kuta za moyo; nadhani hofu hiyo inatokana na kuchanganya mambo mawili. Kuta za moyo kunenepa tunakuona zaidi kwa mtoto anayepewa deksamethasoni yeye mwenyewe baada ya kuzaliwa, siku nyingi mfululizo, ili atoke kwenye mashine ya kupumulia. Na mara nyingi hali hurudi sawa dawa ikiisha. Dozi nne za mama ni habari nyingine. Kitu kimoja tu wenzetu wa leba wakijue: siku ya pili na ya tatu baada ya sindano, mapigo ya mtoto tumboni hupungua kuchezacheza, naye hupungua kujigeuza. Kwa kawaida hurudi hali yake kufikia siku ya nne. Upasuaji usifanywe kwa sababu hiyo peke yake.

Mwenzako hakuokota maneno yake hewani, lakini. Kwa kondoo, steroidi zikitolewa mapema katika mimba huzaliwa wana wenye nefroni (vichujio vidogo vya figo) pungufu, na wakikua presha hupanda. Binadamu anaendelea kutengeneza nefroni hadi wiki ya 34 hivi au 36, na baada ya hapo haongezi hata moja. Kwa hiyo tahadhari ina msingi, na ndiyo sababu siungi mkono kurudia kozi kila wiki kama ilivyowahi kufanyika; watoto wa mama waliorudiwa hivyo walizaliwa wadogo zaidi. Shirika la Afya Duniani linaruhusu kurudia mara moja tu, siku saba zikiwa zimepita na hatari ya kujifungua kabla ya wakati ikiwa bado ipo. Kwa kozi moja, watoto wa utafiti ule wa Auckland walipimwa wakiwa na miaka 30: presha ya wale ambao mama zao walichomwa haikutofautiana na ya wenzao ambao mama zao hawakuchomwa.

Kama figo za njiti wenu zitaleta shida kweli, mimi nitawashuku kwanza wengine: kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, presha kushuka, indomethasini au ibuprofeni ya kufunga daktasi (mshipa wa karibu na moyo unaotakiwa kujifunga baada ya kuzaliwa), na antibayotiki ya gentamisini. Hiyo ya mwisho mnampa kila baada ya saa ngapi? Kwa njiti wa wiki 28 katika wiki yake ya kwanza, miongozo mingi huacha saa 36 hadi 48. Kama kwenye chati imeandikwa 24, mtafute daktari wa zamu kabla ya dozi inayofuata.