Nataka kuacha uhasibu niingie uvuvi hapa Malindi, ninunue injini ya ngapi?

SWALI: Assalaam aleikum maalim. Mimi ni mhasibu wa hoteli hapa Malindi, miaka 39, kazi imekuwa ya msimu tu na nimechoka kungoja watalii. Nina akiba na sacco watanipa mkopo. Kuna broka ameniahidi pakeji nzima: boti ya faiba, injini, nyavu, mabaharia na leseni, halafu ananipa na kozi ya wiki mbili yenye cheti cha usimamizi wa uvuvi ili baadaye niombe kazi serikalini. Nimepiga hesabu ya kilo 60 kwa siku mara siku 26 kwa mwezi, nikitoa mafuta nabaki vizuri. Sasa injini, nichukue ya nguvu farasi 15 ama 40?

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. La injini nitafika, lakini hizo siku 26 ndo zimenikwama kooni.

Maswali kama lako yananijia kila mara, leo mwalimu, kesho askari mstaafu, kesho kutwa mtu ameuza shamba, na wote wameshika kitu kimoja kichwani: ati samaki wapo tele, wavuvi wetu ni maskini sababu hawana mtaji, kwa hivyo mwenye mtaji akija atazoa. Ndugu yangu, hao wazee unaowaona pale ufukweni wanashona nyavu wanaijua bahari hii kuliko mimi na wewe, na wangekuwa wanaona kuna kilo 60 zinalala pale kila siku wangeshazitoa zamani kwa mitumbwi yao hiyo hiyo.

Kaskazi, kuanzia kama Novemba mpaka Machi, bahari imetulia, mtu anavuka mwamba wa matumbawe anaenda nje anarudi na nguru, na jodari. Sawa. Kusi ikiingia Aprili hivi mpaka Septemba, upepo na mawimbi, boti ndogo zinabanana ndani ya mwamba ama zinavutwa juu kabisa, na sisi wa Malindi tuna Sabaki pia, mvua ikinyesha bara maji yote ni tope. Bado hujatoa siku za kurekebisha injini, siku nyavu zimepasuliwa na mawe, siku baharia mgonjwa. Mwezi wa saba utatoka siku chache sana na sacco watakata ile ile ya mwezi wa kwanza. Wewe ni mhasibu, irudie hiyo hesabu ukiweka kusi ndani.

Halafu huko ndani ya mwamba mnakobanana wote ndiko samaki wamepungua. Chukua mfano wa samaki tewa. Tewa wengi wanaanza maisha wakiwa majike, wakishakua ndo baadhi wanageuka madume, sasa ukiwamaliza wale wakubwa kwa sababu ndo wana bei, umeondoa madume. Pono naye wengi wao ni hivyo hivyo. Pweza jike anataga mara moja, anakaa na mayai mpaka yaanguliwe halafu anafa, kwa hivyo ukimchomoa pangoni kabla hajataga umemtoa yeye na kizazi chake. Ukiongeza boti kwenye mwamba ule ule samaki hawaongezeki, mnagawana wale wale na mafuta yamepanda. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, mtu anakuja na pesa yake ya halali, ya jasho, anaimwaga kwenye nguvu za injini kana kwamba shida ilikuwa mwendo.

Na tulishaliona kwa wakubwa. Trola za kamba, meli za kukokota nyavu, pale Ghuba ya Ungwana zilikuwa na mashine ambazo hiyo 40 yako haizifikii hata kidogo, zikasimamishwa 2006 baada ya miaka ya ugomvi na wavuvi wadogo waliokuwa wakikatiwa nyavu, na mpango wa kusimamia kamba wa 2010 ukazitoa nje ya maili tatu za baharini na kuzifungia kuanzia Novemba mpaka mwisho wa Machi.

Sasa huyo broka. Muulize nyavu gani. Mara nyingi nikifungua hizo pakeji nakuta zile za uzi mmoja wa plastiki, nyepesi, hazionekani majini, bei rahisi, na ni haramu kisheria. Zikikatika zikabaki chini zinaendelea kuua samaki wasiochukuliwa na mtu. Ama nakuta juya, ule wavu wa kukokota mpaka ufukweni, limepewa jina jingine, na juya lilipigwa marufuku tangu 2001. Ukikamatwa mwenye boti ni wewe, broka hayupo hapo, nyavu zinachomwa na mkopo unabaki. Leseni nayo haiuzwi na mtu wa simu. Boti inasajiliwa, inakaguliwa kama inafaa kuingia baharini, na wewe unajulikana kwenye BMU, kile chama cha wavuvi kinachosimamia ufukwe, ya bandari unakoshusha samaki, hakuna njia ya mkato hapo. Mabaharia wa kuokoteza ndo sitaki hata kuanza, manake nahodha anayeshika njia kwa kulenga minara na minazi ya pwani humpati kwa pakeji, na mtu asiyejua mlango wa mwamba usiku anazamisha watu. Nimeshaenda matanga ya namna hiyo, vijana wadogo, wala life jaketi hamna ndani ya boti.

Cheti cha wiki mbili hakikupeleki popote. Kazi za afisa uvuvi zinatangazwa na kaunti ama na Kenya Fisheries Service, wanataka diploma au digrii ya fani yenyewe, na Chuo Kikuu cha Pwani kiko hapo Kilifi, kawaulize. Kama ni usimamizi kweli unautaka, unao mlango ambao hujauona: kanuni za BMU zinataka kamati iliyochaguliwa na wanachama, itunze pesa na iandike samaki wanaoshushwa, na sehemu nyingi daftari ndo linalokufa kwanza. Mtu anayejua hesabu akakaa na wavuvi kwa adabu, akaandika kilo, aina, zana na mahali, siku baada ya siku, huyo wanamsikiliza wavuvi na watafiti wa KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, pia. Mie ningeona hilo linakufaa kuliko boti.

Injini: ndani ya mwamba 15 inatosha na inakula mafuta kidogo, 40 ni ya kwenda nje na nje kunataka nahodha wa kweli. Lakini usinunue yoyote mwaka huu. Baki hotelini, siku zako za ofu ingia na mtu kama baharia wa kawaida, kaskazi moja na kusi moja, ulipwe fungu lako kama wenzako. Na Jumamosi hii kabla hujamtumia huyo broka deposit, shuka Mayungu, upitie na Ngomeni, uulize boti ngapi za faiba zinauzwa na waliokuwa nazo walikuwa wakifanya kazi gani kabla.