Maswali na Majibu: Kushonesha Nguo za Kazi za Siku Hizi

Mimi ni mhasibu Dodoma. Ofisini kwetu suti kamili huvaliwa siku za vikao vya bodi tu. Siku nyingine ni koti na suruali ya rangi nyingine. Je, kuna haja bado ya kushonesha suti?

Ipo, ila uagizaji wake umebadilika. Zamani mteja alileta kitambaa, akapimwa, akaambiwa arudi Ijumaa. Leo fundi makini huuliza kwanza wiki yako inakwendaje, kwa kuwa koti litakalovaliwa pia bila suruali yake halishonwi kama lile la suti tu. Chagua buluu iliyokoza, isiyong'aa, ambayo mfumo wa nyuzi zake unaonekana kidogo, kisha uombe vifungo vya kahawia na pedi nyembamba za mabega. Kitambaa cha mistari kiepuke, kwa maana koti lake likivaliwa na suruali nyingine, kila mtu atajua kwamba mwenzake amebaki kabatini. Shonesha suruali mbili, kwa sababu suruali huchakaa mapema kuliko koti. Suti ya mtu wa umbo la wastani hula mita 3 hadi 3.5 za kitambaa chenye upana wa sentimita 150, na suruali ya pili huongeza kama mita 1.3, zote zitoke katika jora moja, kwani jora utakalonunua mwezi ujao linaweza kupishana rangi na hilo.

Mimi ni wakili Mombasa. Koti la mahakamani linanichemsha hata kabla sijafika. Nifanyeje, dada yangu?

Pole, wakili. Mara nyingi kinachochemsha ni bitana ya poliesta, pamoja na kile kitambaa cha gundi kinachogandishwa kwa pasi ndani ya kifua cha koti. Mwambie fundi aweke bitana mikononi na sehemu ya juu ya mgongo tu, na kingo za mishono zilizobaki wazi azifunike kwa utepe mwembamba. Kazi hiyo ina gharama zaidi, ingawa bitana ni kidogo, kwa sababu ndani ya koti kutaonekana na hakuna pa kuficha mshono mbaya. Usiogope sufu: ile nyepesi, ya gramu 240 hivi kwa mita, iliyofumwa kwa kuachia nafasi, hupitisha hewa, na mikunjo yake hupungua ikining'inizwa usiku mmoja. Kitani nacho ni baridi, lakini kilowekwe na kukaushwa kabla ya kukatwa, kisije kikarudi baada ya kushonwa.

Suti ya Kaunda yatosha kwa kazi zote?

Kwa nyingi, naam, tena haidai tai. Hata hivyo, Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa la Kenya, Moses Wetang'ula, aliipiga marufuku bungeni, ilhali Rais Ruto mwenyewe huivaa. Basi ulizia kwanza kanuni za mahali pako.

Mikutano yangu mingi ni ya video. Nivae nini?

Rangi moja tu. Vidraftidrafti vidogo hucheza mbele ya kamera.

Nanenepa na kukonda. Suti ya kushonesha si hasara kwangu?

Si hasara iwapo fundi ataacha akiba ya sentimita 3 au 4 katika mshono wa nyuma wa suruali, na akiba kidogo ubavuni mwa koti. Mwombe kabla hajashika mkasi, na siku ya kujaribisha geuza nguo uione mwenyewe.