Mwanangu, hesabu vitanda kabla ya kuhesabu viti

Arua

Mwanangu mpendwa,

Assalamu alaykum. Barua yako ilinifikia salama, nikaisoma mara mbili, na mara ya pili nilimsomea baba yako kwa sauti tukiwa barazani baada ya sala ya alasiri. Umeuliza kama sherehe ya harusi yako ifanyike katika ukumbi ule wa Kampala unaochukua watu 400, ambao kodi yake ni nafuu lakini kila mgeni itambidi ajitafutie pa kulala, au katika hoteli mliyoiona Jinja kando ya Mto Nile, yenye bustani na vyumba 40, ambayo itawagharimu zaidi. Umesema mchumba wako anapendelea Kampala, moyo wako uko Jinja, na mnataka neno langu kabla hamjatoa hata shilingi moja. Neno langu ni Jinja, ila sababu yangu si ile uliyoitaja wewe ya jua kuzama juu ya maji, na nisingependa mlipe kabla hamjayafanya mambo nitakayokueleza.

Watazame kwanza watu mnaowaalika. Wakwe zako wanatoka Mombasa, na kutoka huko hadi Jinja ni zaidi ya kilomita 1,000 za barabara, nao watavuka mpaka wa Busia wakiwa na wazee na watoto waliokaa kwenye basi siku nzima na usiku kucha. Sisi wa Arua tuna karibu kilomita 500 hadi Kampala kabla ya kuongeza 80 nyingine za Jinja, na wewe mwenyewe unaijua njia ile ya Pakwach na Karuma ilivyo ndefu. Mgeni aliyefika amechoka na hajui ataweka wapi ubavu wake haoni mapambo wala hasikii hotuba, bali anatazama saa na kuuliza chini chini ni nani aliyebeba funguo. Zaidi ya hayo, walipokuja kuleta posa hapa kwetu, walifika watu sita tu kutoka upande wa mwenzako, na waliondoka kesho yake asubuhi. Jamaa hizi mbili hazijajuana bado. Hazitajuana ukumbini, penye kipaza sauti na muziki, kila upande umekaa peke yake. Zitajuana asubuhi ya Jumapili, siku inayofuata harusi, shangazi zako na mama zake watakapokutana mezani kwenye chai ya maziwa na mandazi, wamevaa leso, hawana haraka ya kwenda popote. Asubuhi hiyo ndiyo ninayoitaka kwa ajili yako, na haipatikani pale ambapo watu wametawanyika katika gesti kumi za Kampala.

Nina sababu nyingine, na sijawahi kukueleza yote. Mwaka 2009, binamu yangu alipomwoza mtoto wake, tulikwenda Kampala kwa basi la kukodi, na hoteli moja, ambayo sitaitaja, ilikuwa imetuahidi vyumba 12 kwa maneno ya simu na nusu ya malipo. Tulipotoka kwenye sherehe saa sita usiku tulikuta vyumba saba vimekwisha kupewa kundi lingine lililolipa taslimu jioni ile. Vijana walilala kwenye mikeka ukumbini. Bibi yako alikataa kumnyima mtu mwingine kitanda, akarudi ndani ya basi, akalala amekaa, kichwa kwenye kioo. Alfajiri nilipokwenda kumwamsha kwa sala, miguu yake ilikuwa imevimba hata viatu havikuingia, nikamshika mkono akashuka ngazi za basi peku, akiniambia kwamba amepumzika vizuri sana. Hakulalamika siku ile, wala baadaye, mpaka Mungu alipomchukua. Lakini mimi niliiona miguu ile, na tangu hapo kila nikialikwa kwenye mkutano wa harusi, swali langu la kwanza ni vitanda.

Basi tuvihesabu. Umeniandikia kwamba meneja amesema hoteli inalaza watu 80, kwa kuwa vyumba 26 vina vitanda viwili viwili na vyumba 14 vina kitanda kimoja kipana. Hesabu yake ni sahihi kwa karatasi, lakini si sahihi kwa watu wetu. Vile vyumba 26 vitalaza watu 52, hilo halina shaka, mradi wanaume na wanawake wapangwe mbali. Katika vile 14 vya kitanda kipana, kimoja ni chako, kwa sababu bibi harusi anahitaji mahali pa kuogea, kupakwa hina na kuvalia bila watu kupita. Vinabaki 13. Nimekwenda jina kwa jina, na katika watakaolala nimepata wanandoa watano tu watakaosafiri pamoja, hao ni watu kumi. Vinane vilivyobaki vitachukua mtu mmoja mmoja, maana huwezi kumlaza mjomba wako kitanda kimoja na mzee wa Mombasa ambaye amemjua jioni ile, hata kama wote wawili watakubali kwa adabu. Jumla ni watu 70. Watakaolala ni 28 wa Mombasa na 64 wa kwetu, yaani 92, nami sijawahesabu watoto wanaolala na mama zao. Mna upungufu wa vitanda 22, na ni bora mjue leo kuliko kujua usiku wa harusi.

Hao 22 watafutieni nyumba ya wageni iliyo karibu, ambako mtu anaweza kufika kwa mguu bila kupanda boda boda usiku, na wapelekwe vijana, si wazee. Wazee na wenye watoto wachanga walale hotelini, vyumba vya chini, visivyo na ngazi. Ninyi mliotembea kwenye ile bustani mmeandika kwamba inateremka vizuri hadi mtoni. Mteremko unaokupendeza wewe ni adhabu kwa babu yako na fimbo yake, hasa umande ukishaanguka, kwa hiyo hakikisheni kuna njia yenye taa kutoka kwenye mahema hadi vyumbani, na kama ukingo wa mto una uzio, kwa sababu watoto watacheza huko mkiwa mmeshughulika na picha.

Jambo lingine ambalo wengi hulisahau ni kwamba usiku si mmoja. Basi la Arua likiondoka alfajiri ya Ijumaa litafika Jinja jioni, na watu watalala usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi, wakati bei mliyopewa, kwa jinsi ninavyoisoma, ni ya usiku wa Jumamosi peke yake. Mwulizeni meneja juu ya siku zote mbili. Mwulizeni pia kama bei ni ya chumba au ya mtu, kama chai ya asubuhi imo ndani yake, na kama kodi ya VAT ya asilimia 18 imekwisha kuhesabiwa, maana hiyo ikija kuongezwa mwishoni itakula fedha za mahema. Hoteli nyingi hutaka wageni watoke saa nne asubuhi. Ombeni mpewe mpaka saa nane mchana, na ombi hilo liandikwe, kwa sababu hiyo chai ninayoitaka haiwezi kunywewa huku watu wanabeba masanduku. Dereva wa basi na kondakta wake pia wapewe vitanda, na ninakusihi wasiwekwe mwisho wa orodha. Yule ndiye atakayerudisha watu 64 zaidi ya kilomita 500, na mtu aliyelala kwenye kiti cha usukani hapaswi kukabidhiwa roho za jamaa zako.

Mkataba uwe wa maandishi, wenye idadi ya vyumba, tarehe, na aina ya kila chumba, na kila malipo yapewe risiti. Sitarudia kwa nini. Kuhusu nani alipie, mimi na baba yako tumekubaliana kwamba vyumba vya wazee na vya wakwe viingizwe kwenye bajeti ya harusi, na vijana wenye kazi wajilipie, lakini waambiwe mapema, pamoja na kadi ya mwaliko, bei ikiwa imetajwa wazi. Mtu huona haya akidaiwa mlangoni, ila akiambiwa miezi miwili kabla hujiandaa bila kinyongo.

Wageni wa Kampala na wa Jinja kwenyewe watarudi makwao usiku uleule, na hawa nao wana haki juu yenu. Barabara ya kupitia msitu wa Mabira ina malori mengi usiku, kwa hiyo keki na hotuba zisicheleweshwe, na saa tatu usiku wenye safari wawe wamekwisha kuaga.

Kuhusu jiko, ulizeni kama mnaruhusiwa kuleta wapishi wetu na sufuria zetu, na kama kuna malipo juu ya hilo. Jiko linalopika kila kitu, halali na haramu, halitawatuliza wakwe zako hata mkiwaonyesha kuku mwenyewe, nami ningependa pilau ipikwe nje, mbele ya macho ya watu. Baa ya hoteli isiwe ubavuni mwa hema, na patengwe chumba kimoja cha kusalia, chenye mikeka na maji ya kutawadhia. Haya ni machache, lakini yakikosekana ndiyo yatakayozungumzwa Mombasa kwa miaka.

Tarehe mliyoitaja ni ya Aprili. Mvua ndefu za huko Jinja hunyesha Machi hadi Mei, na bustani ya kando ya mto haina dari. Isogezeni hadi Julai kama mchumba wako anaweza kupata likizo.

Sasa naja kwenye kazi ninayokupa. Usiitazame tena hoteli ile mchana, kwa sababu mchana kila hoteli ni nzuri. Nendeni mkalale, Jumamosi, ili msikie kama kuna disko jirani linalopiga mpaka alfajiri. Umeme ukikatika, angalieni kama jenereta inawasha vyumba au inawasha mapokezi tu. Tazameni vyandarua kimoja kimoja kama vimetoboka. Saa kumi na moja alfajiri, wakati ambao wageni wetu wote watakuwa wanatawadha na kuoga kwa pamoja, fungueni mabomba ya vyumba vitatu kwa wakati mmoja, mwone kama maji ya ghorofa ya juu bado yanatoka.

Au ningojeni. Baba yako amekwisha kuuliza nauli, na tunaweza kufika Jinja Ijumaa ya wiki ijayo jioni, tukalala siku mbili, inshallah. Mpigie meneja simu, umwambie wazazi wako wanakuja, na usimwombe chumba kinachotazama mto. Mwombe kile kilicho karibu zaidi na jenereta, kwa sababu siku ya harusi hicho nacho atapewa mtu wetu, na ningependa niwe nimekilalia mimi kwanza.

Nisalimie mwenzako na umwambie asivunjike moyo kwa ajili ya ukumbi wake wa Kampala.

Mama yako