Ami, hesabu ya nusu-nusu ina kazi kweli?

SWALI: Shikamoo Ami. Niko mwaka wa mwisho nasoma hesabu hapa Mombasa, lekchara wangu ataka nibaki nifanye masta ya kalkulasi ya fraksheni, ile ya kudifarenshieti, yani kutafuta kitu chabadilika kwa kasi gani, mara nusu badala ya mara moja. Baba asema huo ni upuuzi, afadhali kazi ya kliaringi bandarini. Nifanyeje?
– Aliyekwama, Kisauni

JIBU: Marahaba mwanangu. Babako usimuone hajui kitu, kliaringi mtu anaanza kupata mapema, na wewe masta mpaka PhD ni miaka mingi ya kukopa nauli. Lakini upuuzi sio. Leibniz, mmoja wa walioanzisha kalkulasi, alimwandikia mwanahesabu mwenzake L'Hôpital kuhusu hiyo nusu mwaka 1695, akasema iko siku itazaa faida. Lacroix, mwanahesabu Mfaransa, akaja 1819 akaipigia hesabu, x ukiidifarenshieti nusu unapata 2√(x/π), rudia nusu nyengine unapata 1, sawasawa na ile ya fomu foo. Lakini kongamano la kwanza la fani hii limefanyika 1974 huko Chuo Kikuu cha New Haven, Marekani, yani kama kazi ya mtu kuishi nayo bado ni changa.

Faida yenyewe ni kumbukumbu. Milinganyo ya kawaida huangalia hali ya sasa hivi tu, hii ya fraksheni hubeba yote yaliyopita. Chukua unga wa mahamri, uvute halafu uwache, haurudi wote kama raba wala hautiririki kama maji, inategemea umevutwa vipi na kwa muda gani, na ndo vitu kama hivyo milinganyo hii huvieleza vizuri. Shida ya zamani ilikuwa pa kuanzia, manake njia ya wanahesabu wa zamani, Riemann na Liouville, ilitaka vipimo vya mwanzo ambavyo hakuna mtu wa kuvipima, mpaka Caputo, Mtaliano wa mambo ya jiofizikia, akaleta yake 1967 ambayo unaanza na vitu vya kawaida, kitu kiko wapi, kinaenda kasi gani, basi.

Sasa nikwambie lisilosemwa sana. Kuna mapepa mengi mno ya mtu kuchukua mlinganyo wa zamani, kubadilisha ile mara moja ya kudifarenshieti kuwa alfa, yani namba yoyote ya nusu-nusu, kisha kuthibitisha tena kwamba jibu lipo. Yanajaza sivii, mimi siyapendi. Wewe tafuta kitu cha kushika. Hapa kwetu visima vingi vina chumvi, na vile maji na uchafu vinavyopita kwenye mawe yenye nyufa ni jambo ambalo milinganyo hii inatumika. Na ujifunze Python, ile lugha ya kuandikia programu za kompyuta, mapema, sababu ile kumbukumbu ina gharama, kila hatua kompyuta yarudi kupiga hesabu ya historia yote na inachoka kweli.

Karo isikutishe kabla hujajaribu: AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hesabu, wana masta ya skolashipu, na ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia kule Trieste, Italia, wana diploma ya baada ya digrii, omba zote mbili.

Halafu muulize huyo lekchara wanafunzi wake waliomaliza wako wapi sasa, na pesa ya risachi itatoka wapi. Akianza kuzungukazunguka, usisaini kitu, niandikie kwanza.