Kwa nini baba anakumbuka 1966 na kusahau chakula cha leo?

SWALI: Daktari, jambo. Baba yangu ana miaka 80, aliingia kazi kwenye kampuni ya migodi Union Minière 1966. Hata leo anakutajia namba yake ya kazi bila kukosea, na jina la kapita (msimamizi) wake wa kwanza. Lakini akila bukari na sombe saa sita, saa saba ananiuliza kwa nini namshindisha njaa. Shangazi anasema amelogwa, kaka anasema anajifanya. Inawezekanaje ashike ya zamani na kukosa ya leo? (Msomaji, Katuba, Lubumbashi)

JIBU: Dada yangu, baba hajifanyi, wala hajalogwa. Maisha yangu yote ya kazi nimechunguza kumbukumbu, na swali lako limenigusa.

Baba hakukisahau kile chakula. Hakikuwahi kuandikwa. Ndani ya ubongo, usawa wa masikio, kila upande kuna kipande kama kidole kidogo kiitwacho hipokampasi, na jambo jipya hupitia hapo ndipo lihifadhiwe. Haya tuliyajua kwa uchungu. Mwaka 1953, huko Marekani, kijana wa miaka 27, Henry Molaison, alipasuliwa na kuondolewa sehemu hiyo pande zote mbili ili atibiwe kifafa. Tangu hapo hadi kufa kwake 2008, mambo ya siku yake hayakukaa tena kichwani. Ya utotoni aliyakumbuka. Mtafiti Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiitazama kwenye kioo. Kila siku alidai hajawahi kuifanya, na kila siku mkono wake ulizidi kuwa hodari. Mkono una kumbukumbu yake ya pembeni. Kwa hiyo, kama baba bado anajua kurekebisha kiti au kunoa panga, mwachie afanye, mkiwa karibu naye.

Ile namba ya kazi aliitaja siku za mshahara, siku za posho ya unga, na kila alipompeleka mtoto hospitali ya kampuni. Jambo lililorudiwa hivyo husambaa kwenye gamba la ubongo, yaani tabaka lake la juu, halitegemei tena hipokampasi. Ugonjwa hulifikia pia, lakini kwa kuchelewa. Hilo sitakuficha.

Ninaoushuku ni ugonjwa wa Alzheimer. Novemba 1901, kule Frankfurt, daktari Alois Alzheimer alimhoji mama wa miaka 51, Auguste Deter, akiwa mezani. Alikuwa anakula koliflawa na nyama ya nguruwe. Alipoulizwa anakula nini, akajibu spinachi. Mama huyo alipofariki 1906, Alzheimer alitazama vipande vyembamba vya ubongo wake kwa darubini, akaona madoa kati ya seli, na ndani ya seli nyuzi zilizosokotana. Nyuzi hizo ni za protini iitwayo tau, na kwa kawaida huanzia langoni pa hipokampasi. Ndiyo maana ya leo hutangulia kupotea.

Lakini kushuku si kupima. Kabla ya kulitaja jina hilo mbele ya familia, mpelekeni baba akapimwe tezi ya shingo, vitamini B12, kaswende na VVU. Mwambieni daktari kama aliwahi kuanguka na kugonga kichwa, maana damu inaweza kukusanyika polepole juu ya ubongo. Mpelekeeni dawa zote anazomeza, hasa za usingizi. Mwulizeni daktari pia kuhusu huzuni: mzee aliyefiwa anaweza kusahau hivyohivyo. Haya yana tiba. Na akichanganyikiwa ghafla, ndani ya siku moja au mbili, msingoje. Inaweza kuwa malaria au maambukizi mengine.

Kwa Alzheimer yenyewe, dawa iitwayo donepezili huwasaidia wengine kidogo, ila haizuii ugonjwa kuendelea.

Mwambie shangazi maombi aendelee nayo, ila baba asilazimishwe kufunga kula wala asinyimwe dawa. Na kaka aache kumuuliza "Hukumbuki?", maana anamdai kitu ambacho hana. Akidai njaa saa saba, usimbishie. Mpe ndizi na chai kidogo, kisha muulize habari za yule kapita.